Kabla Hujabonyeza "Kubali": Hesabu za Simu, Kazi na Akiba kwa Mkazi wa Jericho

Mtaa wa Jericho ulijengwa na Baraza la Jiji la Nairobi karibu na miaka ya uhuru, nyumba za safu za kupangisha watu wa mshahara. Mshahara ulikuja mwisho wa mwezi. Kodi ikalipwa, unga ukanunuliwa, karo ikatolewa, na kilichobaki kikaonekana kwa macho. Siku hizi, katika nyumba zilezile na katika vyumba vya mabati vilivyoongezwa ubavuni mwake, pesa huingia kila siku kwa vipande: mia mbili za kufua, mia tano za boda boda, elfu moja na mia tatu kutoka kwa mteja wa mtandaoni usiyemjua sura. Hutoka vilevile kwa vipande: bando, tokeni za stima, mchango wa chama, malipo ya simu ya kila siku, deni la Fuliza linalokatwa kabla hujashika kitu. Kila kipande ni kidogo mno kumshtua mtu. Jumla yake ndiyo inayomaliza watu, na hakuna programu ya simu itakayokuonyesha jumla hiyo kwa hiari yake.

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta hapa Jericho. Fundi habadilishi kifaa kwa kubahatisha. Huweka mita kwanza, akasoma, ndipo akaamua. Nataka msomaji apime pesa zake hivyo hivyo, kwa vipimo viwili tu. Ofa yoyote ya mkopo au akiba, igeuze iwe shilingi kwa mwezi na kwa mwaka. Ofa yoyote ya kazi, igeuze iwe shilingi kwa saa.

Shilingi 3,000 kwa njia nne

Tuchukue elfu tatu, mtaji wa kawaida wa mama mboga anayeshuka Marikiti alfajiri.

Njia ya kwanza ni Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa ulioanza Januari 2019. Kwa viwango vilivyopunguzwa Oktoba 2022, ukivuta 3,000 unatozwa ada ya asilimia 1, yaani shilingi 30, kisha shilingi 25 kila siku deni likiwa halijalipwa. Siku moja ni shilingi 55. Wiki moja ni 205. Siku 30 ni 780, zaidi ya robo ya pesa ulizokopa.

Ya pili, M-Shwari, mkopo mwingine wa M-Pesa ulioanza Novemba 2012, hutoza asilimia 7.5 mara moja kwa siku 30. Kwa 3,000 hiyo ni shilingi 225. Ukilipa siku ya tano au siku ya ishirini na tisa, ada ni ileile. Ukipitisha siku 30 bila kulipa, unatozwa upya.

Ziweke hizo mbili pamoja uone jambo ambalo tangazo halisemi: mpaka siku ya saba Fuliza ndiyo nafuu, na kuanzia siku ya nane M-Shwari ndiyo nafuu. Ushuru wa serikali sijauhesabu, nao huongezwa juu ya ada. Kwa hiyo mtu mwenye hakika ya kupata pesa kesho akivuta Fuliza hajakosea. Anayevuta Fuliza tarehe 5 akingoja mshahara wa tarehe 30 anachagua njia ya gharama kubwa kuliko zote nne.

Njia ya tatu ni Hustler Fund, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, inayopatikana kwa *254#. Riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka na muda wa kulipa ni siku 14. Kwa 3,000 riba ya siku hizo 14 ni kama shilingi 9. Asilimia 5 ya mkopo huzuiliwa ikawekwa akiba kwa jina lako, basi mkononi utapata 2,850. Kasoro yake ni kwamba wengi huanza na kiwango cha shilingi 500 na kupanda ni polepole. Hata hivyo, sioni sababu ya mtu mwenye nafasi katika mfuko huu kukimbilia kwanza mkopo mwingine wowote wa simu. Wako waliouchukulia kama pesa za siasa na hawakurudisha. Wamejifungia mlango wa mkopo wa riba ndogo kuliko mingine yote iliyomo kwenye simu zao.

Ya nne ni sacco. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi ya salio lililobaki, na hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako ukiwa na wadhamini. Elfu tatu kwa mwezi ni shilingi 30. Sacco haitakupa pesa saa kumi ya alfajiri ukiwa njiani kwenda sokoni, na hapo ndipo mikopo ya simu inapotushinda nguvu: inauza haraka, na haraka ina bei yake.

Mama mmoja anayeuza mboga aliniletea simu yenye kioo kilichopasuka. Nilipokuwa nikiifungua akaniuliza, "Kijana wangu, mbona kila nikitumiwa pesa inapungua kabla sijaishika?"

"Mama, unavuta Fuliza mara ngapi?"

"Kila siku ya soko, lakini jioni nalipa yote. Mimi si mtu wa madeni."

Ni kweli, si mtu wa madeni. Ila mtu anayevuta 3,000 kila asubuhi kwa siku 26 za kazi hulipa shilingi 780 za ada ya kuvuta peke yake, hata akilipa deni lote kila jioni, na ada ya siku bado haijaguswa. Katika mwaka hizo ni shilingi 9,360, yaani mtaji wake mara tatu na zaidi. Tulikaa tukapanga: kila jioni shilingi 50 zinawekwa kando, na kesho yake anavuta 50 pungufu. Baada ya siku 60 mtaji wa 3,000 ni wake. Na faida haingoji siku ya 60. Deni likishuka hadi 2,500 ada ya siku inakuwa 20. Likishuka hadi 1,500 inakuwa 18. Likifika 1,000 inakuwa 6, na siku tatu za kwanza hazina ada ya siku kabisa. Mfanyabiashara yeyote mdogo anaweza kushuka ngazi hiyo. Ukitaka kujua uko wapi, itisha taarifa yako ya M-Pesa kupitia *334#, kisha ujumlishe kwa kalamu kila mstari ulioandikwa Fuliza.

Kutoka hapo inafuata hesabu ninayoiona kuwa muhimu kuliko nyingine zote katika makala hii. Shilingi 10,000 zilizo katika mfuko wa akiba unaolipa asilimia 10 kwa mwaka zitakuletea 1,000, na baada ya kodi ya asilimia 15 utabaki na 850 kwa mwaka mzima. Mkopo wa 10,000 wa asilimia 7.5 utakugharimu 750 kwa mwezi mmoja. Hakuna uwekezaji halali Nairobi nzima utakaokulipa kwa mwezi kile ambacho mkopo wa simu kama huo unakutoza kwa mwezi. Kwa hiyo mtu mwenye akiba huku anadaiwa na simu, na alipe simu kwanza.

Simu ya kulipa kila siku

Simu za kulipia kidogo kidogo zimewafikia watu ambao duka halingewauzia, na hilo ni jema. Ubaya uko kwenye namna bei inavyotajwa. Muuzaji husema, "Lipa elfu tatu uondoke nayo, halafu sitini kila siku." Sitini ni nauli ya matatu tu. Chukua karatasi: 60 mara 365 ni 21,900, ongeza zile 3,000, jumla 24,900. Sasa panda gari uende Luthuli Avenue uulize bei ya simu hiyohiyo kwa pesa taslimu. Tuseme ni 15,000. Tofauti ni 9,900. Ungeanza na 3,000 zako na kuweka 60 kila siku, ungefika 15,000 baada ya siku 200, na simu ingekuwa yako bila kufungwa ukikosa malipo.

Je, usinunue kwa mkopo kamwe? La. Kijana wa boda boda ambaye simu hiyo itamletea abiria wa programu tangu leo ana hesabu tofauti na anayeitaka kwa picha. Akipata shilingi 150 zaidi kwa siku kwa sababu ya simu, ndani ya siku 200 za kungoja angepoteza 30,000. Huyo na akope. Chombo kinacholeta pesa kinaweza kubeba deni lake chenyewe, mradi umeandika ni kiasi gani kinaleta na si kiasi gani unatumaini kitaleta.

Neno la fundi kuhusu simu za mkononi mwa mtu: kabla ya kulipa, bonyeza *#06# ulinganishe nambari itakayotokea na ile ya kwenye boksi na risiti. Zikikataa kulingana, rudisha simu, hata bei iwe tamu namna gani. Na kabla ya kununua simu mpya kwa sababu ya zamani haishiki chaji, uliza bei ya betri. Simu nyingi zinazoletwa kwangu kama mzoga zinahitaji betri, tundu la chaja, au kufutiwa picha na video zilizojaza nafasi.

Saa yako ni ya bei gani?

Serikali imekuwa ikihimiza vijana wafanye kazi mtandaoni kupitia mpango wa Ajira Digital tangu 2016, na Eastlands imeitikia. Kazi zipo: kuweka alama kwenye picha za kufunza akili unde, kunakili sauti, kuandika, kuhudumia wateja wa mbali. Naziheshimu kazi hizi na wanaozifanya. Ninachopinga ni mazoea ya kuzihesabu kwa dola badala ya kuzihesabu kwa saa.

Tuseme mwezi huu umelipwa sawa na shilingi 12,000. Toa bando 2,000 na stima 600, zimebaki 9,400. Sasa hesabu saa zote ulizokaa kwenye kiti: za kungoja kazi itokee, za mitihani ya majaribio isiyolipwa, za kurudia kazi iliyokataliwa bila maelezo. Zikiwa 160, umelipwa shilingi 58 na senti 75 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida Nairobi kiliwekwa kuwa 16,113.75 kwa mwezi Novemba 2024, bila marupurupu ya nyumba. Ukigawanya kwa saa 52 kwa wiki, ambazo ni kama 225 kwa mwezi, unapata shilingi 71 na ushee. Kazi ya dola imekulipa chini ya kibarua. Huenda bado inafaa, kwa kuwa unaifanya ukiwa na mtoto nyumbani, au kwa kuwa inakufunza ujuzi utakaouza ghali zaidi kesho. Lakini iamue kwa nambari mkononi.

Na usijenge maisha juu ya mlango ambao mwenyewe yuko ng'ambo. Machi 2024 jukwaa la Remotasks, lililokuwa limewapa kazi watu wengi nchini, lilijiondoa Kenya kwa taarifa ya ghafla. Mwaka mmoja kabla, Januari 2023, jarida la TIME lilikuwa limefichua kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama hapa Nairobi walisoma na kupanga maandishi ya kuogofya kwa ajili ya OpenAI kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa. Wasimamizi wa maudhui ya Facebook walioishtaki Meta wamepambana kortini kwa miaka, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba kampuni hiyo inaweza kushtakiwa Kenya. Haki inakuja, lakini kodi ya nyumba haiingoji. Anayefanya kazi hizi atoe pesa zake kwenye jukwaa kila zinapofika kiwango cha kutolewa, ahifadhi picha za skrini za saa na malipo, awe na majukwaa mawili au zaidi, na asikope kununua kompyuta mpaka kazi imemlipa miezi mitatu mfululizo kwa kompyuta ya kuazima.

Tena kuna kazi ambazo haziwezi kuzimwa kutoka ng'ambo: za mkono. Jericho ina watu waliochomelea, waliofunga nyaya na waliotengeneza injini kwa miaka ishirini bila karatasi hata moja. Huo ni utajiri uliolala. Mamlaka ya NITA hutoa mtihani wa ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na fundi aliyejifunzia kazini anaweza kuufanya bila kupitia chuo. Upo pia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Masomo, KNQA. Fundi wa stima akiwa na cheti anaweza kuomba leseni ya EPRA, na mtu wa sola vivyo hivyo. Tofauti inaonekana kwenye bei: asiye na leseni hulipwa kwa kupatana na mwenye nyumba, mwenye leseni hutia sahihi kazi inayokubalika kisheria. Pikipiki za umeme zimeshaingia barabarani, na mpanda boda wa Jogoo Road atahitaji mtu wa karibu anayeelewa mota na betri. Kijana akiniuliza achague nini kati ya kozi ya wiki mbili ya kutajirika mtandaoni na ada ya mtihani wa NITA, namwambia aende NITA.

Kuna "kazi" nyingine isiyo kazi. Mchezo wa kamari wa Aviator hutangazwa na waundaji wake kwamba hurudisha asilimia 97 ya pesa zinazochezwa. Isome upande wa pili: katika kila shilingi 100 zinazozungushwa, 3 hubaki kwa mwenye mchezo kwa wastani. Raundi ni ya sekunde chache. Raundi 50 za shilingi 100 ni 5,000 zilizozungushwa, na wastani wa hasara ni 150, kwa muda usiofika saa moja. Hicho ndicho kipimo chake kwa saa: hasi. Na zile programu zinazouzwa Telegram kwamba hutabiri ndege ya mchezo huo itatoweka lini ni wizi mtupu, kwa sababu nambari hutoka kwenye seva ambayo simu yako haina njia ya kuichungulia.

Akiba ikae wapi

Ukishalipa deni la simu, akiba ya kwanza ni ya dharura, na kazi yake ni kukuzuia usirudi kwenye deni. Iweke mahali unapoweza kuifikia kwa siku moja au mbili, lakini si kwenye laini unayonunulia mkate. Benki inayosimamiwa na Benki Kuu ina kinga: Shirika la Bima ya Amana, KDIC, hulipa hadi shilingi 500,000 kwa kila mwenye akaunti benki ikianguka. Kiwango hicho kilipandishwa kutoka 100,000 mwaka 2020, baada ya Wakenya kuona Imperial Bank ikifungwa 2015 na Chase Bank 2016. Mifuko ya soko la fedha hulipa zaidi ya akaunti ya kawaida na mingine hupokea kuanzia shilingi 100, lakini haina kinga ya KDIC. Hakikisha mfuko uko kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Elewa pia kwamba faida yake hupanda na kushuka na riba ya hati za serikali. Hati za siku 91 zilikaribia asilimia 16 katikati ya 2024, na mwaka uliofuata zikashuka hadi kama asilimia 8. Wakala anayekuahidi leo kiwango cha 2024 hasemi ukweli.

Mwenye 50,000 anaweza kununua hati fungani za serikali yeye mwenyewe, bila dalali, kupitia mfumo wa Benki Kuu wa DhowCSD unaofunguliwa kwa simu. Ni hatua ambayo wazee wetu hawakuwa nayo, na sijui kwa nini vyama vya hapa mtaani haviitumii zaidi.

Kuhusu sacco, naziunga mkono kwa moyo wote, lakini kwa macho wazi. Mapema 2025 serikali ilitangaza kwamba ukaguzi wa KUSCCO, muungano uliokuwa ukishika pesa za sacco nyingi, ulifichua upotevu wa takriban shilingi bilioni 13.3. Kwa hiyo kabla ya kujiunga, tafuta jina la sacco kwenye orodha ya SASRA, nenda mkutano mkuu wa mwaka, na uulize swali hili mbele ya watu: pesa zetu ambazo hatujakopeshana ziko wapi, na kwa jina la nani? Mwenyekiti mwema hatakasirika.

Waliokuwa watu wazima mwaka 2007 wanaikumbuka DECI, mpango wa piramidi uliozoa pesa za waumini na majirani hadi ukaporomoka. Majina hubadilika kila mara; leo ni kundi la WhatsApp la kupenda video na kulipwa, kesho ni sarafu ya mtandaoni. Kipimo hakibadiliki. Ukiahidiwa asilimia 20 kwa mwezi, igeuze kwa mwaka: ni 240, kabla hata ya faida kuzaa faida. Linganisha na hati ya serikali. Hakuna biashara inayolipa hivyo kwa kukaa tu, na ukiambiwa ulete watu wawili ndipo ulipwe, umeshajua pesa zinatoka kwa nani.

Jambo moja la afya, kwa ufupi: mchango wa bima ya afya ya SHA kwa asiye na mshahara huanzia shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Ni mzigo kwa wengi, nakubali. Lakini nimeona familia zikiuza mtambo wa kuchomelea kulipia kitanda cha hospitali, na mtambo ukishauzwa, kazi imekwenda.

Simu inajua nini kukuhusu

Kila programu ya mkopo inapofunguliwa mara ya kwanza huomba ruhusa: kusoma ujumbe, kuona orodha ya watu wako, picha, mahali ulipo. Watu hubonyeza "kubali" kwa sababu wana shida ya pesa wakati ule. Kwa miaka kadhaa orodha hizo zilitumiwa kuwapigia simu mashemeji, wachungaji na wakubwa wa kazi wa wadaiwa. Hali imebadilika kisheria. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 zinawataka wakopeshaji wa mtandaoni wawe na leseni, na zinakataza vitisho, matusi na kuwaandama watu walio kwenye orodha yako ya simu. Mwaka 2023 Google nayo ilizikataza programu za mikopo kwenye duka lake zisisome orodha za watu wala picha. Kwa hiyo programu inayokuja kwa kiungo cha WhatsApp, nje ya duka rasmi, ikitaka ruhusa hizo, inaomba kitu ambacho wenye leseni wamekatazwa. Iondoe. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, na kuitafuta ni kazi ya dakika tano.

Linda pia laini. Bonyeza *106# uone kama kuna laini usizozijua zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kwa Safaricom, *100*100# hukusaidia kuzuia mtu kubadilishiwa laini yako bila idhini. Ukituma pesa kwa nambari isiyo sahihi, tuma ujumbe wa M-Pesa wa muamala huo kwa 456 mara moja, kabla aliyepokea hajazitoa. Na nambari ya siri haiombwi na mtu yeyote, awe amejitambulisha kwa cheo gani.

Vitu visivyobadilishika vilinde zaidi ya vyote. Katikati ya 2023 watu walipanga foleni KICC kupigwa picha ya mboni ya jicho na mradi wa Worldcoin, kwa sarafu zake za mtandaoni zilizokuwa na thamani ya kama shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe. Nambari ya siri ikiibwa utaweka nyingine. Jicho huwekewi lingine.

Mwisho, kwa yule anayetishwa wakati huu kwa sababu ya deni. Kudaiwa si kosa la jinai, na deni lako halimpi mtu ruhusa ya kukuaibisha. Kamishna wa Data amekwisha kuchukua hatua: Septemba 2023 kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa na programu za KeCredit na Faircash, ilitozwa faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia ujumbe na simu za vitisho. Kesi kama hizo husimama kwa ushahidi ambao wananchi wa kawaida waliutunza. Basi usifute ujumbe hata kama unakuumiza kuusoma. Piga picha ya skrini inayoonyesha nambari, tarehe na saa. Mwombe na shemeji au jirani aliyepigiwa afanye hivyo pia. Kisha wasilisha malalamiko kwenye tovuti ya Ofisi ya Kamishna wa Data. Sheria inaitaka ofisi hiyo imalize uchunguzi ndani ya siku 90. Ripoti yako ya ofisi za taarifa za mikopo, Metropol, TransUnion au Creditinfo, una haki ya kuipata bure mara moja kwa mwaka. Iombe wiki hii, uone wanaokudai wameandika nini, na lolote lisilo kweli ulipinge kwa maandishi.